Mashine ya Kukausha Hewa Inapofanya Barafu: Tuitazame Wenyewe Kabla ya Kumwita Fundi

Kila masika yanapoingia na kusi ikaanza kuvuma, nyumba zetu za pwani hupata mgeni asiyebisha hodi. Hupita madirishani, hupanda ukutani, hujificha ndani ya makabati na makasha. Siku mama wa nyumba anapofungua kabati kutoa kanzu ya Ijumaa au buibui la harusi, hukutana na uvundo na madoa ya koga. Mgeni huyo ni unyevu, na wakaao Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale hawahitaji kuelezwa habari zake.

Katika miaka ya karibuni baadhi ya familia zimeanza kuweka nyumbani mashine za umeme za kukausha hewa, ambazo wengine huziita dihumidifaya. Wapo walionunua kwa ajili ya mtoto mwenye pumu, wapo waliotaka kuhifadhi vitabu na misahafu ya wazee wao, na wapo waliotumiwa na jamaa walioko Arabuni au Uingereza. Malalamiko yanayotufikia kutoka kwao yanafanana: mashine iliyokuwa ikijaza ndoo kila siku sasa haitoi hata kikombe, na ukiichungulia ndani unaona barafu nyeupe imeshikamana na mabomba. Wengi huambiwa papo hapo kwamba gesi imekwisha na watoe fedha. Wengine huisukuma mashine stoo, na mwisho wake huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa utaratibu barafu hiyo inatoka wapi, ni mambo gani mtu wa nyumbani anaweza kuyatazama na kuyatengeneza mwenyewe, na ni wapi inampasa asimame na kumwachia fundi.

Unyevu si jambo dogo

Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na kadiri inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kubeba maji mengi zaidi. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi huweza kubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa na nyuzi 20, hubeba gramu 17 tu. Ikifika nyuzi 10, hubeba gramu 9, na kwenye nyuzi sufuri hubeba gramu 5 hivi. Tuchukue chumba cha kulala chenye mita 4 kwa mita 4 na urefu wa mita 3 kwenda juu. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, hewa iliyomo chumbani humo peke yake imebeba zaidi ya lita moja ya maji. Hapo hatujahesabu maji yaliyomo ukutani, godoroni na nguoni.

Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene zikiweza kunyonya unyevu na kuutoa tena. Nyingi kati ya hizo sasa zimepigwa saruji na rangi ya mafuta, na maji yaliyomo ndani ya ukuta hayapati tena njia ya kutoka. Zaidi ya hayo, jiwe la bahari na mchanga wa pwani vina chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Ndiyo maana ukuta wa chini hububujika rangi kila mwaka hata upakwe mara ngapi.

Madhara yake hayaishii kwenye nguo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba watu wanaoishi katika majengo yenye hali hiyo wamo katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya njia ya pumzi na pumu. Mtoto anayekohoa usiku kucha katika chumba chenye koga huenda asipone kwa dawa peke yake, iwapo chumba chenyewe hakijatibiwa.

Na upo urithi wetu wa karatasi. Pwani yetu ina hati nyingi za mkono zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na unyevu na wadudu ni maadui wake wakubwa. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa maktaba ya British Library ya London wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini. Lakini katika nyumba ngapi yamo makasha yenye vitabu vya babu ambavyo hakuna aliyevipiga picha?

Jambo hili la karatasi na unyevu ndilo lililozaa mashine tunazozizungumzia. Mwaka 1902, mhandisi Mmarekani aliyeitwa Willis Carrier alitakiwa kukisaidia kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Karatasi zao zilikuwa zikitanuka na kunywea kulingana na unyevu wa hewa, na rangi zikawa haziangukii mahali pake. Alibuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili kuipunguza maji. Kiyoyozi cha leo kimetokana na kazi hiyo, na haja ya kwanza ilikuwa kukausha hewa, si kumpoza mtu.

Mashine inavyofanya kazi

Hatuwezi kufahamu ugonjwa bila kuufahamu mwili. Mashine nyingi zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zina kompresa, na hufanya kazi kwa njia ile ile ya friji. Feni huvuta hewa ya chumbani kupitia chujio. Hewa hiyo hupita kwenye mabomba ya baridi yaliyozungukwa na mapezi membamba ya bati la alumini. Hapo maji yaliyomo hewani hugeuka matone, kama jasho linavyotoka juu ya bilauri ya maji baridi, na kudondokea kwenye ndoo ya mashine. Kisha hewa ile iliyokaushwa hupitishwa kwenye mabomba ya moto na kurudishwa chumbani. Kwa hivyo anayedhani mashine hii itampoza amekosea. Hukausha hewa, lakini chumba huongezeka joto kidogo.

Kila hewa ina kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipozwa kulifikia huanza kutoa maji. Hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikipozwa hadi nyuzi 25 tu. Mapezi hayana haja ya kuwa na baridi kali kufikia hapo. Hali ni tofauti katika chumba chenye nyuzi 16 na unyevu wa asilimia 60, ambamo kiwango cha umande ni nyuzi 8 hivi. Mashine ikitaka kukamua maji humo, mapezi yake yatalazimika kushuka karibu na sufuri, na maji yakifika sufuri huganda.

Barafu, basi, ni dalili ya jambo moja: mabomba ya baridi yamepungukiwa na joto linalotakiwa kuletwa na hewa. Ama hewa inayopita ni chache, ama hewa yenyewe ni baridi mno, ama gesi iliyomo ndani si kiwango chake. Barafu ikishaanza huzidisha tatizo lenyewe, kwa kuwa huziba nafasi kati ya mapezi na hewa ikazidi kupungua, na hewa ikipungua barafu huongezeka. Mwisho wake mashine hunguruma usiku kucha, mita ya stima inakwenda, na ndoo ni kavu.

Umande mweupe mwembamba unaotokea na kuyeyuka wenyewe si ugonjwa. Mashine nyingi zina sensa inayotambua baridi imezidi, ikasimamisha kompresa kwa dakika kadhaa ili barafu iyeyuke. Ugonjwa ni barafu nene isiyoondoka.

Hatua ya kwanza: zima, chomoa, subiri

Anayeona barafu na aizime mashine na kuchomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe pekee hakutoshi kwa mtu anayetaka kuigusa ndani. Kisha aiache imesimama wima, atandike kitambaa au beseni chini yake, kwa kuwa maji yatakayoyeyuka huenda yakamwagika pembeni. Kwa joto letu la pwani saa chache hutosha, lakini kuiacha hadi asubuhi ni salama zaidi. Anayetaka kuharakisha anaweza kuielekezea feni ya kawaida.

Hapa ndipo haraka huleta hasara. Wapo wanaochukua kisu au bisibisi na kuanza kubandua barafu. Bomba lililo nyuma yake ni jembamba, na tundu moja dogo kama la sindano hutosha kuitoa gesi yote. Mashine iliyokuwa na tatizo la kuoshwa tu inageuka mashine iliyokufa. Wapo pia wanaomwagia maji ya moto, wakasahau kwamba chini ya mapezi hayo pana nyaya na kibao cha umeme. Haya yote hayafai.

Sababu ya kwanza: chujio

Katika nyumba zetu, hiki ndicho cha kutazamwa kabla ya chochote. Chujio hukaa nyuma au ubavuni mwa mashine na hutoka kwa kuvutwa. Hukusanya vumbi, manyoya ya mazulia na nyuzi za nguo. Na tusisahau udi na ubani. Moshi wa chetezo unaopita chumbani kila Alhamisi jioni huacha masizi yenye mafuta, na vumbi likiyakuta hushikamana na kuwa utando. Chujio la namna hiyo linaweza kuonekana si chafu sana kwa macho, kumbe halipitishi hewa.

Lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, lisuuzwe, lianikwe kivulini mpaka likauke kabisa, ndipo lirudishwe. Mashine isiwashwe bila chujio hata kwa siku moja, kwa sababu vumbi litaingia moja kwa moja kwenye mapezi, na huko kulitoa ni kazi. Anayeitumia mashine kila siku alisafishe chujio kila baada ya wiki mbili. Ikiwa vumbi limeshafika kwenye mapezi, litolewe kwa brashi laini kwa kufuata mstari wa mapezi kutoka juu kwenda chini, na kwa uangalifu, kwani hupindika upesi na makali yake hukata vidole.

Tumejulishwa kisa cha mama mmoja mjane aliyenunuliwa mashine na watoto wake kwa ajili ya mjukuu mwenye pumu. Ilipoanza kufanya barafu, fundi aliisikiliza akiwa mlangoni, akasema gesi imekwisha na kutaja bei ambayo ingemaliza fungu lake la chama. Alikuwa ameshaanza kuweka akiba kidogo kidogo, na mtoto amerudi kukohoa usiku, ndipo binti wa jirani aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi alipopita kumwamkia. Aliitoa mashine nyuma ya pazia, akavuta chujio, akakuta limeziba kama blanketi. Waliliosha, wakaliacha likauke, wakaisogeza mashine katikati ya chumba. Siku ya pili ndoo ilijaa. Gesi haikuwa na kosa lolote.

Sababu ya pili: mahali ilipowekwa

Kisa hicho kinatuonyesha jambo jingine. Vyumba vyetu ni vidogo na vyombo ni vingi, kwa hivyo mashine husukumwa nyuma ya kochi, kati ya kabati na ukuta au chini ya pazia. Huko haipumui. Iachiwe nafasi ya angalau sentimita 30 kila upande unaoingiza au kutoa hewa, na kisiwekwe juu yake leso, taulo wala nguo ya kukaushwa.

Na milango na madirisha yafungwe wakati inapofanya kazi. Tumeingia nyumba ambazo mashine inanguruma huku dirisha la baharini liko wazi; hiyo ni kazi ya kukausha bahari kwa kata. Haitaganda kwa sababu hiyo, lakini itachoka bure. Mashine ikizimwa, madirisha yafunguliwe wakati wa jua kavu ili chumba kipate hewa mpya.

Sababu ya tatu: baridi ya chumba

Mashine za kompresa hupenda joto. Nyingi hufanya kazi vyema chumba kikiwa na nyuzi 18 au zaidi, na chini ya nyuzi 15 hivi huanza kusumbuka. Mtu wa Mombasa atasema baridi hiyo haipo kwetu, na kweli haipo, isipokuwa pale tunapoileta wenyewe. Chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 17 usiku kucha, na ndani yake mashine ya kukausha hewa, ni mahali pa kutengenezea barafu. Kiyoyozi chenyewe hukausha hewa kinapopoza, na vingi vina kipimo maalumu cha kukausha kinachoonyeshwa kwa alama ya tone la maji. Viwili hivyo havihitajiki kwa pamoja. Kimoja kikifanya kazi kingine kipumzike.

Kwa watoto wetu walioko Nairobi na Limuru habari ni tofauti. Usiku wa mwezi wa Julai nyumba za huko hushuka baridi kiasi cha mashine kuganda bila ya kuwa na kasoro yoyote. Dawa yake ni kuitumia mchana, au usiku baada ya chumba kupashwa joto. Na kwa jamaa walioko Uingereza na Kanada, wanaotaka kukausha chumba cha chini kisicho na joto wakati wa kipupwe, iko aina nyingine ya mashine isiyotumia kompresa, bali gurudumu lenye madini yanayonyonya unyevu na kisha kukaushwa kwa joto. Hiyo haigandi katika baridi, ingawa hutumia umeme zaidi.

Kipimo cha unyevu nacho kina sehemu yake. Anayeiweka mashine kwenye kipimo cha chini kabisa, au isisimame kamwe, huilazimisha kukamua hewa ambayo tayari ni kavu. Unyevu wa kati ya asilimia 50 na 55 unatosha kuzuia koga na kulinda vitabu. Kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani kitaonyesha ukweli wa chumba kuliko kukisia kwa pua.

Sababu zinazohitaji fundi

Baada ya chujio kusafishwa, nafasi kupatikana na chumba kuwa na joto la kutosha, mashine iwashwe kwa saa mbili huku ikitazamwa. Dalili tatu zitasema mengi.

Ya kwanza ni upepo. Mkono uwekwe mahali hewa inapotokea. Ikiwa kompresa inanguruma lakini upepo ni dhaifu au haupo, feni imechoka au kapasita yake imeharibika. Hili ni tengenezo la kawaida na halihusiani na gesi.

Ya pili ni umbo la barafu. Chukua tochi na utazame mapezi. Barafu iliyotandaa sawasawa juu ya mapezi yote huashiria upungufu wa hewa, baridi ya chumba, au sensa ya kuyeyusha barafu isiyofanya kazi. Sensa hiyo ni kipande kidogo kilichofungwa kwenye bomba, na wakati mwingine huwa kimechomoka tu mahali pake. Lakini barafu ikijikusanya upande mmoja, pale gesi inapoingilia, na sehemu iliyobaki ikawa kavu na haina baridi, hapo kuna sababu ya kushuku kwamba gesi imepungua.

Ya tatu ni kompresa yenyewe. Ikiwa huwaka na kuzimika kila baada ya dakika chache, au hutoa mlio wa kugonga na harufu ya kuungua, mashine izimwe na isiwashwe tena mpaka itazamwe.

Kuhusu gesi, kila mama wa nyumba na alishike hili. Gesi ya mashine haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inaweza kudumu umri wote wa mashine. Ikipungua, basi kuna mahali imevuja. Kwa hivyo fundi akisema gesi imekwisha, aulizwe kwa heshima: "Fundi, imevujia wapi, na utapaziba vipi?" Akijibu kwamba ataongeza tu, fedha hiyo ni ya kumwaga mchangani, kwa kuwa gesi mpya itafuata njia ile ile iliyotoka ya zamani. Kazi sahihi ni kutafuta tundu, kulichomea, kutoa hewa yote mabombani, kisha kuingiza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Kiasi chake kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko cha mashine, na kuzidisha ni kosa kama kupunguza. Kwa mashine ndogo, gharama ya kazi hiyo ilinganishwe kwanza na bei ya mashine mpya.

Usalama wa nyumba

Kibandiko hicho kina habari nyingine muhimu: jina la gesi. Mashine nyingi mpya hutumia gesi ya R290, ambayo ni propani na hushika moto. Kiasi chake ni kidogo na kikiwa ndani ya bomba hakina madhara, lakini mashine hiyo isitobolewe, isitengenezwe karibu na jiko, na chetezo chenye makaa kisiwekwe karibu nayo.

Umeme nao una yake. Mwaka 2013 huko Marekani, zaidi ya mashine milioni 2 za aina hii zilitangazwa zirejeshwe kwa sababu zilikuwa zikipata moto kupita kiasi na kuweza kuunguza nyumba. Hatusemi haya ili kutisha watu, bali ili mashine isiachwe ikifanya kazi nyumba ikiwa haina mtu, na isichomekwe kwenye waya mwembamba wa nyongeza uliokwisha kubeba friji na televisheni. Ichomekwe ukutani moja kwa moja. Anayetumiwa mashine kutoka Marekani au Kanada atazame kibandiko kabla ya kuiwasha: umeme wa huko ni volti 120, wetu ni volti 240, na akiichomeka hivi hivi ataiunguza siku hiyo hiyo.

Mashine ikisafirishwa kwa kulazwa, isimamishwe wima kwa saa kadhaa, na bora siku nzima, kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarejee mahali pake.

Ama maji ya ndoo, yasinywewe wala yasitumiwe kukorogea maziwa ya mtoto. Yamepita kwenye bati na vumbi, na ndoo yenyewe huota utelezi. Yafaa kupigia deki na kumwagia chooni. Ndoo imwagwe kila siku na kuoshwa mara kwa mara, isije ikawa mazalio ya mbu.

Gharama, na njia zisizo na umeme

Mashine ya wati 300 ikifanya kazi saa 8 hutumia yuniti 2.4 za stima. Kila familia izidishe kwa bei ya tokeni zake na ione kwa mwezi inafika ngapi. Kwa wengi wetu, kuiwasha mchana kutwa ni mzigo. Kuiwasha saa chache katika chumba kimoja kilichofungwa, chenye mtoto mgonjwa au kasha la vitabu, kuna faida zaidi kuliko kuizungusha nyumba nzima.

Na asiye na mashine asidhani ameachwa bila ya njia. Makabati yasogezwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Nguo zisirudishwe kabatini zikiwa na ubichi wa pasi. Nguo zilizofuliwa zisianikwe chumbani, kwa kuwa maji yote yaliyomo humo huishia hewani. Sufuria zifunikwe wakati wa kupika. Magodoro na makasha yatolewe juani siku za kaskazi, kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu. Kuta za matumbawe zirudishiwe chokaa pale inapowezekana. Vifuko na mikebe ya chumvi ya kunyonya unyevu pia husaidia ndani ya kabati dogo, ila iwekwe mbali na watoto, kwani maji yanayojikusanya humo huwasha ngozi na macho.

Ukaguzi wa mashine tuliouelezea hauhitaji zaidi ya tochi, brashi laini, beseni la maji na subira ya usiku mmoja. Usifanywe pale tu barafu inapoonekana, bali mapema, mwezi wa Machi, kabla mawingu ya masika hayajakusanyika. Na mabinti na wavulana waitwe watazame jinsi chujio linavyotolewa na kurudishwa, ili kazi hiyo isibaki mikononi mwa mtu mmoja, na siku mama akiwa safarini mtoto mwenye kifua aendelee kulala katika chumba kikavu.